Betri za Mwalimu wa Matiliku

Kiti kililetwa hospitalini kwa pikapu ya machungwa. Kilikuwa kimefungwa kamba katikati ya magunia na kufunikwa leso mbili, na mwenyewe, mama mmoja mzee, alikuwa ameketi mbele na dereva, akimwelekeza mahali pa kuegesha kana kwamba gari ni lake. Wanaume wanne walikishusha. Mmoja wao akahema, akasema kitu chenyewe ni kizito kushinda ndama. Yule mama akamjibu kutoka dirishani, "Ndama hutembea mwenyewe. Hicho kimekataa."

Ndivyo nilivyokutana na Mwalimu. Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja, watu wa Matiliku hawalitumii. Kwao yeye ni Mwalimu tu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na ugonjwa wa uti wa mgongo ulimnyang'anya miguu akiwa bado kazini. Miaka yake ya mwisho darasani aliimaliza kwenye kiti cha kusukumwa, akiandika nusu ya chini ya ubao na kuwaachia wanafunzi warefu nusu ya juu. Alipostaafu, binti yake anayefanya kazi Mombasa alimwandikisha kwenye bima ya kampuni yao, na bima ikamnunulia kiti cha umeme: mota mbili, betri mbili, na kijiti kidogo mkono wa kulia cha kukiendeshea.

Kwa miaka miwili alizunguka nacho Matiliku nzima. Mara mbili kwa wiki alikwenda ukumbi wa kanisa lao kuwafundisha kina mama watu wazima kusoma na kuandika. Kisha siku moja, akivuka kijito kikavu kilicho njiani, gurudumu la kushoto likazama mchangani. Mtu mwingine angepiga kelele ili asaidiwe. Mwalimu alikaza kijiti. Akakikaza tena, mpaka harufu ya kitu kinachoungua ikapanda kutoka chini ya kiti.

"Nilidhani kuna mtu anachoma mahindi," aliniambia.

Mimi ni mtu wa Kitui. Nilikuwa na miezi minne tu katika hospitali ile ndogo ya Wote, na kazi yangu ilikuwa kuandika madai ya bima. Daktari akishatibu na fundi akishatengeneza, mimi ndiye ninayewaeleza watu wa bima ni nini kilichofanywa ili walipe. Kila kitu kina namba yake katika kitabu chao. Bandeji ina namba, mkongojo una namba, hata kupimwa tu kuna namba yake. Nilikipenda kile kitabu. Wenzangu wa Makueni walinitania kwamba watu wa Kitui hatuongei, tunaimba, na nikawa nimeamua kwamba wakinicheka kwa matamshi, kwa namba hawatanipata.

Fundi wetu wa viungo bandia alikifungua kiti siku ile ile. Mota ya kushoto ilikuwa imeungua. Betri zote mbili zilikuwa zimevimba kama maandazi. Mengine yote yalikuwa mazima. Akaniandikia vitu hivyo vitatu kwenye karatasi, na akanielekeza kwa mfanyabiashara mmoja wa Sultan Hamud ambaye angeweza kuviagiza kupitia Mombasa. Nikaandika dai, nikaambatisha karatasi ya bei kutoka kwa yule mfanyabiashara, nikatuma. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Mistari mitatu: mwanachama alinunuliwa kiti miaka miwili iliyopita, kiti kingine hakiruhusiwi kabla ya miaka mitano, dai limekataliwa.

Nilisoma mara moja tu nikaelewa, na masikio yakaniwaka moto. Vipuri vina kurasa zao mwishoni mwa kitabu, kurasa ambazo sikuwa nimewahi kuzifungua. Mimi nilikuwa nimeandika namba ya kiti kizima. Ni kama mtu aliyetumwa kifungo akaagiza shati. Watu wa bima hawakuwa na kosa lolote. Waliulizwa kama watanunua kiti kingine, wakajibu.

Ningerekebisha siku hiyo hiyo, lakini dai la pili lilihitaji saini ya mkubwa wangu na maelezo ya kwa nini la kwanza lilikataliwa, nami nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Kwa hiyo sikusema kitu. Nikampigia Mwalimu simu.

"Mwalimu, bima wamekataa."

"Wamesemaje?"

"Wamesema hawawezi kulipa."

Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliokatwa miguu. Mwalimu akasema kwa sauti ya upole iliyonichoma kuliko kama angegomba, "Pole, mwanangu. Najua umejitahidi. Njoo Jumapili tule muthokoi."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Jumapili nikaenda Matiliku na kilo moja ya sukari mkononi, na kabla ya chakula nikapitishwa kanisani.

Mwalimu alikuwa ameketi karibu na mlango kwenye kile kiti chake cha zamani cha kusukumwa, ambacho gurudumu moja lililia kila kiliposogezwa. Mchungaji alihubiri, waimbaji wakaimba, na wakati wa maombi mchungaji akasema kuna jambo la dharura. Akaeleza jinsi mama yetu alivyoachwa bila kiti. Akaeleza kwamba binti huyu wa hospitali, ambaye yuko nasi leo, amepigania mpaka akachoka. Watu wakageuka kuniangalia. Kisha akafumba macho.

"Ee Bwana, wale watu wa bima! Ile mioyo yao ya mawe, ipasue!"

"Ipasue!" kanisa likaitikia.

"Kalamu zilizoandika hapana, zivunje!"

"Zivunje!"

Mimi niliinamisha kichwa kuliko mtu yeyote mle ndani. Kalamu iliyokuwa ikiombewa ivunjike ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mama aliyeketi kando yangu akanipapasa mgongo taratibu, akidhani nimeguswa na Roho.

Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, ulikuwa mzuri, lakini sikusikia ladha yake. Tulipobaki wawili barazani, Mwalimu akiwa na kikombe cha chai mapajani, nikasema yote kwa pumzi moja: kitabu, namba, kurasa za nyuma, siku nilizokaa kimya. Nilisema nikiangalia kuku.

Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo tumewaombea watu wasio na kosa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kanisa zima."

"Ndiyo."

Bega lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka miwani ikamwangukia mapajani, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa, akacheka tena. Nami nikaanza kucheka kwa woga. Hapo akanyamaza ghafla na kunitazama kwa namna ambayo nadhani watoto wengi wa Matiliku wanaikumbuka.

"Usifikiri kicheko kimemaliza maneno. Nimekasirika pia. Siku zote hizi nimekaa hapa nikiwalaumu watu nisiowajua, na wanafunzi wangu wanakuja kusomea kwenye baraza hii. Unajua ubaya wa hilo? Wakija huku, wanakuja na uji. Wanakuja na pole. Mtu akifuatwa nyumbani anakuwa mgonjwa. Mimi si mgonjwa. Mimi ni mwalimu ambaye miguu yake haifanyi kazi."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Sasa toa karatasi."

Nilifikiri anataka kuandika yeye. La. Alinitaka mimi niandike, pale pale, barua ya kuambatisha kwenye dai la pili. Nikaanza kama tulivyofundishwa chuoni: *Kufuatia barua yenu ya awali kuhusiana na suala husika.* Akanyoosha mkono, akaichukua, akasoma, akapiga mstari juu yake.

"Suala gani? Linahusika na nani?"

"Ndivyo huandikwa, Mwalimu."

"Ndiyo maana hazisomwi. Huyo mtu wa bima hajaniona. Hajaona kiti. Mwambie kitu kilichokufa ni kipi, kilikufaje, na ni kipi bado kiko hai. Na mahali ulipokosea, sema umekosea, halafu uendelee. Usilie kwenye barua."

Niliandika mara nne. Mara ya tatu alinirudishia kwa sababu nilikuwa nimeandika "mgonjwa" mahali pa "mwenye kiti." Ile ya nne bado naikumbuka karibu yote, kwa sababu ndiyo barua ya kwanza niliyowahi kuandika ikiwa na maana:

*Katika dai la kwanza niliandika namba ya kiti kizima. Nilikosea. Hatuombi kiti. Kiti kipo, fremu yake ni nzima, kijiti ni kizima, mota ya kulia ni nzima. Mota ya kushoto imeungua na betri mbili zimevimba. Bila vitu hivi vitatu kiti hakisogei, na mwenye kiti hawezi kutoka kwake mpaka abebwe.*

Jumatatu asubuhi niliiweka mbele ya mkubwa wangu. Aliisoma polepole, akainua nyusi pale kwenye neno "nilikosea," akatia saini. "Kurasa za nyuma," akasema, "zisome zote. Leo." Basi. Nilikuwa nimebeba hofu ya siku nyingi kwa ajili ya maneno sita.

Nikatuma dai la pili nikiwa na hakika. Jibu likaja: vipuri vya magari havilipwi chini ya bima ya matibabu.

Safari hii sikuficha. Nilipiga simu kwa ofisi yao ya Kitui, nikaomba kuongea na aliyeandika jibu. Akaja mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyechoka lakini mwenye adabu. Nilimweleza kwamba betri zile si za gari, ni za kiti cha mama mmoja mwalimu.

"Dada," akasema, "mimi naona betri. Naona mota. Juu ya karatasi ya bei naona picha ya pikipiki. Ungekuwa mimi, ungeona nini?"

Nilivuta faili. Kweli. Karatasi ya yule mfanyabiashara wa Sultan Hamud ilikuwa na pikipiki nyekundu juu kabisa, na chini yake maneno makubwa: vipuri vya magari, pikipiki, pampu na sola.

"Barua yangu umeisoma?" nikauliza.

"Nimeisoma. Ni barua nzuri. Lakini barua ni yako, bei ni ya mwenye pikipiki. Niletee karatasi nyingine inayosema wazi ni ya kiti. Niletee barua ya daktari kwamba huyo mama bado hawezi kutembea. Halafu nitakuja mwenyewe nione hicho kiti. Kwa lafudhi hiyo, wewe ni wa kwetu?"

"Ni wa Kitui."

"Nilijua. Usiniangushe basi."

Barua ya daktari ilikuwa rahisi. Daktari wetu ni mtu wa maneno machache. Alimpima Mwalimu na kuandika mstari mmoja: *Nimempima leo. Hajaanza kutembea.* Mwalimu alipoisoma akasema, "Huyu ana matumaini kuliko mimi."

Kwa karatasi ya bei ilibidi niende Sultan Hamud mwenyewe. Duka lilikuwa upande wa reli, limejaa hadi mlangoni: paneli za sola zimesimamishwa ukutani, mipira ya pampu imeviringwa kama nyoka waliolala, na nyuma ya kaunta yule mfanyabiashara, mzee wa makamo ambaye kila mtu alimwita Hajji. Familia yake ilitoka Garissa, lakini yeye alikulia pale pale mjini, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha vijana wa Wote. Nilipomweleza kwamba bima imekataa kwa sababu ya pikipiki yake, alitoka nyuma ya kaunta akaitazama ile karatasi kana kwamba mtoto wake ameshtakiwa.

"Pikipiki imekosa nini? Ni mapambo."

"Wanadhani betri ni za gari, Hajji."

"Gari gani linaendeshwa na betri hii? Gari la panya?" Akaketi, akachukua karatasi tupu isiyo na picha, akaanza kuandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, akitamka kila neno. "Betri mbili. Za kiti cha mama mwalimu. Asiyeweza kutembea. Mota moja ya upande wa kushoto. Ya kiti hicho hicho." Akainua kalamu, akafikiri. "Watu wa bima hawaamini haraka." Na mwishoni akaongeza: *Si za gari, wallahi.* Akapiga muhuri juu yake kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka.

Nilitaka kumwomba aandike nyingine bila kiapo. Kisha nikawaza, kwani kuna ubaya gani? Nikaituma hivyo hivyo.

Afisa wa bima alifika Matiliku siku ya darasa. Alikuwa ameondoka Kitui alfajiri, na bado viatu vyake viling'aa. Alikuwa mwembamba, mwenye koti na kitambulisho shingoni, na fomu ya maswali kwenye ubao wa kuandikia. Nilikuwa nimetangulia kufika ili nimwonyeshe kiti, ambacho tulikuwa tumekirudisha nyumbani kwa Mwalimu kikiwa maiti vile vile. Mwalimu alikuwa ameomba aketishwe humo. Alivaa gauni lake la kanisani.

Afisa alisoma namba iliyo chini ya kiti, akailinganisha na iliyo kwenye fomu, akaweka alama. Akaangalia mota iliyoungua, akaweka alama. Kisha akakohoa.

"Mama, samahani. Hili swali liko kwenye fomu, ni lazima niulize. Huwezi kutembea hata kidogo?"

"Hata kidogo," akasema Mwalimu. "Na wewe?"

"Mimi? Mimi natembea."

"Vizuri sana. Basi utanisaidia. Nina darasa na nimeshachelewa."

Kiti cha umeme kina kishikio kidogo nyuma cha kuachilia magurudumu ili kisukumwe kikiwa kimezimika. Nilimwonyesha, akakivuta, akaweka ubao wake juu ya mapaja ya Mwalimu, akashika mipini na kusukuma. Kiti kikasogea kama futi moja. Akaniangalia. Akasukuma tena.

Kutoka kwa Mwalimu hadi ukumbini si mbali. Mtu mwenye miguu hata hahesabu. Lakini kuna kamwinuko, kuna mawe, na kuna kile kijito kikavu chenye mchanga. Penye mwinuko afisa alisimama akavua koti, akanipa. Penye mawe alikunja mikono ya shati. Tulipofika mchangani, kina mama watatu wa darasani walikuwa wanakuja upande wa pili wakiwa na madaftari, wakakimbilia kusaidia.

"Mwacheni," Mwalimu akawaambia, mkono juu. "Anafanya uchunguzi."

Mchangani ndipo alipomaliza uchunguzi wake. Alisukuma kwa mikono, akasukuma kwa bega, mwishowe akageuka akasukuma kwa mgongo, visigino vikichimba, na vile viatu vilivyong'aa vikajaa mchanga wote wa Matiliku. Hapo tu ndipo Mwalimu alipowaruhusu kina mama. Walikivuta kiti, wawili huku mmoja kule, naye afisa akatembea nyuma akipumua kwa mdomo.

Ukumbini walimpa maji, akanywa vikombe viwili, akaketi benchi la nyuma kabisa. Nilifikiri atapumzika kidogo aondoke. Alibaki darasa zima. Siku hiyo walikuwa wanasoma herufi za kuunganisha, na mwanafunzi mmoja, nyanya mwenye wajukuu walio sekondari, alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na herufi f. Aliposhindwa ubaoni aligeuka, macho yake yakaanguka kwenye kile kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa mgeni. Akamwendea. Akakishika kwa vidole viwili bila kuomba ruhusa, akakisogeza karibu na uso wake.

"A," akasema. "Afi." Akavuta pumzi. "Afisa!"

Ukumbi ukapiga makofi na vigelegele. Yule afisa alisimama, sijui kwa nini, labda ni adabu tu, akampa mkono nyanya.

Baadaye, alipokuwa anavaa koti, alimwambia Mwalimu, "Mama, kwenye vitabu vyetu betri iko kundi moja na vifaa. Mimi leo nimeiona kuwa ni dawa."

"Ni miguu," akasema Mwalimu. "Lakini dawa pia inakubalika. Nenda salama, mwanangu. Pangusa viatu."

Idhini ilikuja wiki iliyofuata. Nakala ya ripoti yake niliiona kwenye faili, nami nilitarajia kurasa. Ilikuwa na sentensi mbili: *Vipuri vilivyotajwa si vya gari. Nimehakikisha mwenyewe kwa kusukuma.* Alinipigia simu pia kuniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi lile lilikuwa dai la kwanza lenye kiapo, na kwamba ofisi nzima ilikuwa imelipokezana ikilisoma.

Hajji alileta mota na betri mwenyewe hadi Matiliku, hakukubali zipakiwe na mtu mwingine. Fundi wetu akazifunga pale uani, watu wakiwa wamezunguka. Mwalimu akaketishwa, akawasha, taa ya kijani ikawaka, akagusa kijiti mbele. Kiti kikaondoka kwa kasi, lakini badala ya kwenda mbele kikakata kulia. Mota mpya ya kushoto ilikuwa na nguvu kuliko mwenzake mzee. Kikazunguka duara zima, kikatawanya kuku, kikapindua beseni la nguo, kikaanza duara la pili. Fundi alikuwa anakimbia kando yake akipiga kelele, "Achilia kijiti! Achilia kijiti!"

"Siachilii!" Mwalimu akajibu akicheka, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. "Nimekingoja sana!"

Ilichukua muda wa kikombe cha chai kusawazisha mota zile mbili zikubaliane mwendo. Baada ya hapo kiti kilikwenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda kuchukua zawadi.

Kulikuwa na Jumapili moja ya shukrani, na nilijua lazima niende. Mwalimu hakuwa amemwambia mtu yeyote kosa langu. Mchungaji alipoanza kusimulia jinsi mioyo ya mawe ilivyopasuka, nilinyoosha mkono, nikasimama, nikawaeleza kwamba watu wa bima hawakuanza wao kukosea. Nilianza mimi. Nilikuwa nimeketi hapa hapa nikiitikia. Kisha yule mama aliyenipapasa mgongo siku ile akaangua kicheko, na kicheko kikaenda benchi kwa benchi mpaka kwa waimbaji. Mchungaji alingoja kitulie.

"Hakuna hasara," akasema. "Maombi yalipitia Wote kwanza."

Sasa ni miaka kadhaa, na bado ninaandika madai. Nimebadilika kidogo. Kila dai gumu ninaliandikia barua fupi, na nikikwama huwa najiuliza ni nini kilichokufa na ni nini kilicho hai. Watu wananiletea mambo ya ajabu: kifaa cha kusikia kilichotafunwa na mbwa, mguu wa bandia uliokuwa sawa mpaka mwenyewe akanenepa. Kwa afisa wa Kitui napiga simu bila woga, naye hunijibu kwa kuniuliza mvua imenyesha huko au bado.

Matiliku naenda nikipata nafasi. Mara ya mwisho ilikuwa mwanzo wa mvua za mwisho wa mwaka. Nilimkuta Mwalimu ukumbini, darasa likiwa limejaa hadi dirishani, maana wanafunzi sasa ni wengi na wawili kati yao ni wanaume wazee wanaojifanya wamewasindikiza wake zao. Katikati ya somo bati likaanza kugongwa na matone, moja, mawili, halafu mengi. Hakuna mtu Ukambani anayeweza kusoma mvua ya kwanza ikinyesha. Watu walisimama bila kuambiwa. Kuna waliokumbuka nguo zilizoanikwa, kuna waliokumbuka ndengu za kupanda, na nyanya yule wa herufi f alikuwa ameshavua viatu, akaviweka ndani ya mkoba pamoja na daftari.

"Darasa limekwisha," Mwalimu akasema, ingawa hakukuwa na aliyemngoja.

Fundi alikuwa amemwonya kwamba kijiti hakipendi maji. Akafungua mkoba, akatoa kofia ya plastiki ya kuogea, yenye maua ya waridi, akaivisha kijiti mpaka chini na kuingiza mkono wake ndani. Akafungua mwavuli kwa mkono wa pili, akatoka. Njia ilikuwa imeanza kunukia udongo. Kina mama walikuwa wanakwenda wakiimba, wengine wamejifunika madaftari kichwani kisha wakayaficha haraka ndani ya nguo, na katikati yao kile kiti kilikuwa kinakwenda moja kwa moja, kikiruka vidimbwi vidogo vya kwanza. Mimi nilikuwa nyuma, viatu mkononi, nikiteleza kila hatua.

Alifika kwenye ule mwinuko, akageuza kiti, akaningoja chini ya mwavuli wake.

"Wewe wa Kitui!" akaita. "Tembea! Mvua haingoji mtu!"